Namna ya Kupima Viashiria vya Uhai: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza wa Uuguzi na Utabibu

Mwanafunzi akiingia wodini kwa mara ya kwanza, kazi ya kwanza anayopewa ni kupima joto, mapigo, upumuaji na presha. Hupewa kwa kuwa inaonekana nyepesi. Kumbe ndizo namba ambazo daktari wa zamu ataziangalia saa nane za usiku akiamua kama mgonjwa aongezewe maji, awekewe oksijeni au akimbizwe chumba cha upasuaji. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza shika hili: namba ya kubuni ni hatari kuliko nafasi iliyoachwa wazi. Nafasi ikiwa wazi, mwenzako wa zamu inayofuata ataenda kupima. Akikuta namba nzuri iliyobuniwa, atapita kitanda kile bila kusimama.

Kabla ya kumgusa mgonjwa

Andaa saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, kipimajoto, oksimita (kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kwenye damu), stetoskopu, mashine ya presha yenye mikanda ya saizi tofauti, pamba na spiriti ya asilimia 70, kalamu na chati. Simu si saa nzuri ya wodini, maana huhamisha vijidudu kutoka kitanda kimoja hadi kingine na haifutwi ipasavyo. Angalia kishale cha mashine ya presha mkanda ukiwa hauna hewa: lazima kilale kwenye sifuri. Kikilala kwenye 6, kila mgonjwa utakayempima siku hiyo amekwisha kuongezewa 6. Mashine hiyo ipelekwe kwa fundi wa vifaa tiba, isirudishwe kabatini ikamsubiri mwingine.

Nawa mikono kwa maji na sabuni kwa sekunde 40 hadi 60, au sugua kwa dawa ya mikono yenye spiriti kwa sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke. Fanya hivyo kabla ya kila mgonjwa na baada yake.

Kisha msalimie na ujitambulishe. "Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, niko na sista wa zamu. Naomba nikupime joto, mapigo na presha." Subiri akubali. Upumuaji usiutaje, na sababu itakuja mbele. Muulize kama katika nusu saa iliyopita amekunywa kahawa au chai, amevuta sigara, au ametembea mwendo mrefu. Muulize pia kama amebanwa na mkojo. Kama amebanwa, aende kwanza, kwa sababu kibofu kilichojaa hupandisha presha.

Wakati mnasalimiana, macho yako yawe yanafanya kazi. Je, yuko macho na anakuelewa? Anaitika tu akiitwa? Anashtuka tu akifinywa? Au haitiki kabisa? Hizo ni ngazi nne za fahamu na huandikwa kwenye chati kama namba nyingine zozote. Sikiliza pia kama anamaliza sentensi nzima au anakatisha kila baada ya maneno mawili kuvuta pumzi. Mtu anayeshindwa kumaliza sentensi ni mgonjwa mahututi. Muite mkubwa wako hapo hapo, vipimo utaendelea navyo msaada ukiwa njiani.

Mpangilio unaookoa muda ni huu: weka kipimajoto kwapa la upande mmoja, shika mapigo kwenye mkono wa upande wa pili, hesabu pumzi ukiwa bado umeushika mkono huo, weka oksimita, kisha malizia na presha. Mpaka ufike kwenye presha mgonjwa atakuwa ametulia kama dakika tano, na hizo ndizo presha inazohitaji.

Joto

Kwenye wodi nyingi tunapima kwapani, na kwapa lenye jasho husoma chini kwa sababu jasho linapoza ngozi. Likaushe kwa kitambaa, lakini usilisugue, kwani kusugua huleta joto. Ncha ya kipimajoto iingie katikati kabisa ya kwapa na iguse ngozi, si nguo. Mkono ubanwe ubavuni, na mtoto mdogo ashikiliwe na mama yake. Cha kidijitali hulia kikimaliza. Cha kioo kitikise kwanza mpaka kishuke chini ya 35, kisha kiache dakika 5.

Joto la kawaida kwapani ni nyuzi 36.5 hadi 37.5 za Selsiasi. Kwapa husoma chini ya joto la ndani ya mwili kwa karibu nusu nyuzi, kwa hiyo andika ulipopimia. Ukipima mdomoni, mgonjwa asiwe amekunywa chai au maji baridi kwa angalau dakika 15. Kile cha kuelekezea kwenye paji la uso hudanganywa kirahisi na jasho, feni na jua: mtu aliyetoka juani mchana wa Dar es Salaam anaweza kuonekana ana homa, na ukimkalisha kivulini robo saa homa hiyo haipo. Kitumie kuchuja watu mlangoni. Chati ya wodi inahitaji kipimo cha kwapani au mdomoni.

Kosa kubwa kwenye joto ni kuogopa homa peke yake. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 2 akiwa na chini ya 35.5 ana dalili ya hatari sawa na yule mwenye 37.5 au zaidi, kwa sababu maambukizi makali kwa mtoto wa umri huo yanaweza kupoza mwili badala ya kuupasha. Wazee nao wanaweza kuwa na maambukizi ya damu bila homa yoyote.

Vipimajoto vya zebaki vinaondolewa. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliokubaliwa mwaka 2013, uliweka 2020 kuwa mwisho wa kuvitengeneza na kuviingiza sokoni pamoja na mashine za presha za zebaki. Lakini bado utavikuta. Kikivunjika, usifagie, maana ufagio huvunja zebaki kuwa chembe ndogo zaidi na kuongeza mvuke wake. Watoe watu, fungua madirisha, vaa glavu, kusanya matone kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, yatie kwenye chupa yenye kifuniko na uitoe taarifa.

Mapigo

Tumia vidole viwili au vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba cha mgonjwa. Wewe mwenyewe usitumie gumba lako, kwa kuwa lina mapigo yake na utajihesabu. Bonyeza taratibu, ukikandamiza sana mshipa unafunga na utaandika kwamba mapigo ni dhaifu kumbe ni vidole vyako.

Mapigo yakiwa na mwendo sawa, hesabu sekunde 30 uzidishe kwa 2. Yakirukaruka, hesabu dakika nzima, kisha weka stetoskopu kifuani uhesabu ya moyo wenyewe. Yakiwa mengi kifuani kuliko mkononi, kuna mapigo ambayo hayafiki mkononi, na tofauti hiyo iandikwe. Kwa mtoto wa chini ya miaka 2 sikiliza kifuani tangu mwanzo, karibu na chuchu ya kushoto. Kutafuta mshipa kwenye kifundo cha mtoto mnene ni kupoteza muda.

Mtu mzima aliyetulia ana mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Mtoto mchanga aliyetulia huwa kati ya 100 na 160. Homa huongeza takriban mapigo 10 kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo mgonjwa mwenye 39 na mapigo 105 hashangazi. Kinachoshangaza ni mwenye 39.5 na mapigo 72. Hali hiyo huonekana mara kwa mara kwenye homa ya matumbo, na inafaa imfikie daktari.

Upumuaji: namba inayobuniwa kuliko zote

Pitia chati za wodi yoyote yenye shughuli nyingi. Utakuta wagonjwa wote wanapumua mara 18 au 20, mwenye nimonia na aliyevunjika mguu pamoja. Haiwezekani. Upumuaji haupimwi na mashine ya kawaida ya wodini, unahitaji dakika nzima ya kusimama na kutazama, ndiyo maana watu huukisia. Nayo ndiyo namba inayobadilika mapema sana mgonjwa anapoanza kuzidiwa, mara nyingi saa kadhaa kabla presha haijashuka.

Mapigo yakishahesabiwa, usiuachie mkono. Endelea kuushika kana kwamba bado unahesabu, kisha peleka macho kifuani au tumboni. Mtu akijua unahesabu pumzi zake, atazibadilisha bila kukusudia. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Kama shuka ni nzito na huoni, weka mkono wa mgonjwa juu ya kifua chake huku umemshika, utauhisi ukipanda.

Hesabu sekunde 60 kamili. Wengi huhesabu 15 na kuzidisha kwa 4. Angalia kinachotokea: ukikosea pumzi moja tu, umekosea 4. Mtoto wa miezi 18 mwenye pumzi 40 anaweza kuandikwa 36, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama anaitwa mwenye nimonia au mwenye mafua, kwa sababu mipaka ya Shirika la Afya Duniani ya kupumua haraka kwa mtoto iko hivi: chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi, miezi 2 hadi 11, 50 au zaidi, miezi 12 hadi miaka 5, 40 au zaidi. Kwa mtu mzima aliyetulia kawaida ni 12 hadi 20.

Mtoto lazima awe ametulia. Akilia au akinyonya, hesabu hiyo haifai. Ni bora umsubiri dakika kumi, au umhesabu akiwa amelala mikononi mwa mama yake kabla hujamvua nguo. Umhesabu kwanza kabla ya kumfanyia jambo jingine lolote, kwani kipimajoto kikishaingia kwapani kilio kinaanza. Mtoto wa chini ya miezi 2 hupumua kwa vipindi, anaharakisha kisha anasita sekunde chache. Ukipata 60 au zaidi, rudia mara ya pili kabla ya kuamua.

Sasa mwombe mama ainue nguo, utazame sehemu ya chini ya kifua. Mtoto anapovuta pumzi, kifua cha chini kinapaswa kutoka nje. Kikibonyea kuingia ndani, mapafu yamekuwa magumu na misuli inavuta kwa nguvu. Kibonyeo hicho kiwepo kila anapovuta pumzi na kionekane akiwa ametulia. Nafasi kati ya mbavu peke yake au shimo juu ya mfupa wa kidari si kitu hicho, ingawa nazo ziandikwe. Tazama pua pia, kama tundu zake zinatanuka.

Kupumua polepole mno kuna uzito ule ule. Mama mwenye kifafa cha mimba anapewa magnesiamu salfeti, na dawa hii ikizidi mwilini hulegeza misuli ya kupumulia mpaka ikome. Kabla ya kila dozi ya kuendeleza lazima vitu vitatu viwepo: pumzi 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka likigongwa, na mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Kimoja kikikosekana, dozi inasitishwa na daktari anaitwa, na kalsiamu glukoneti gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, iwe karibu na kitanda. Fikiria sasa muuguzi aliyeandika "18" akiwa amekaa mezani, na mama yule anapumua mara 10.

Oksijeni

Oksimita hupitisha mwanga kwenye kidole na kupima rangi ya damu inayodunda. Chochote kinachozuia mwanga au mdundo huiharibu: rangi ya kucha, kidole chenye baridi, mtu anayetetemeka, mkanda wa presha unaojazwa kwenye mkono huo huo. Pwani, jihadhari na piko na hina nyeusi vidoleni mwa bibi harusi au mama aliyetoka arobaini. Tafuta kidole kisichopakwa, au ncha ya sikio.

Usisome namba ya kwanza inayotokea. Subiri mpaka itulie, kisha linganisha mapigo yanayoonyeshwa na yale uliyohesabu kwa mkono. Oksimita ikisema 62 na wewe ulihesabu 110, haijaupata mshipa, na hiyo asilimia yake haina maana. Kawaida ni asilimia 95 hadi 100 kwa aliye karibu na usawa wa bahari. Chini ya 90 anahitaji oksijeni bila kubishana.

Kuna hali tatu ambazo oksimita inatoa namba nzuri mgonjwa akiwa vibaya. Ya kwanza ni moshi: mtu aliyelala na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ana kaboni monoksaidi kwenye damu, na mashine huiona kama oksijeni, ikaandika 99. Mwenye upungufu mkali wa damu naye anaweza kusoma 98, kwa kuwa damu kidogo aliyonayo imejaa oksijeni, lakini jumla inayofika mwilini ni ndogo mno. Ya tatu inatuhusu moja kwa moja. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa mashine hizi huzidisha kiwango cha oksijeni mara nyingi zaidi kwa watu weusi kuliko kwa weupe. Mgonjwa mweusi anayehema kwa tabu akiwa na 93, amini anavyohema.

Presha

Scipione Riva-Rocci wa Italia alitengeneza mkanda wa kujaza hewa mwaka 1896, lakini kwa kushika mapigo tu aliweza kupata namba ya juu peke yake. Mwaka 1905 daktari wa upasuaji wa Urusi, Nikolai Korotkov, aliweka stetoskopu chini ya mkanda na kusikia sauti zinazotupa namba zote mbili. Elewa sauti hizo zinatoka wapi na hutakariri hatua, utaziona zenyewe. Mkanda ukijazwa kupita nguvu ya damu, mshipa unafungwa, kimya. Hewa ikipungua mpaka nguvu ya moyo inapoushinda mkanda, damu inapenya kwa kishindo kila moyo unapodunda: tup, tup. Hiyo ni namba ya juu. Hewa ikizidi kupungua, mshipa unabaki wazi muda wote, damu inapita laini, sauti inapotea. Hiyo ni namba ya chini.

Anza na saizi ya mkanda. Zungushia futi ya fundi cherehani katikati ya mkono wa juu. Mzingo wa sentimita 22 hadi 26 unataka mkanda mdogo wa mtu mzima, 27 hadi 34 mkanda wa kawaida, 35 hadi 44 mkanda mkubwa. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha kipimo, na kuna watu wanameza dawa za presha kwa sababu ya mkanda. Mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba hushusha.

Mgonjwa akae ameegemea, nyayo zote mbili sakafuni, bila kukunja nne. Mkono ulale juu ya meza, katikati ya mkanda iwe sawa na moyo, yaani katikati ya mfupa wa kidari. Mkono ukining'inia, uzito wa damu unajiongeza kwenye kipimo: kila sentimita 10 chini ya moyo ni karibu milimita 8 za zebaki za uongo. Ukiinuliwa juu ya moyo, unashusha kwa kiasi hicho hicho. Nguo ivuliwe kwenye mkono unaopimwa. Mkono wa shati ukikunjwa kwa nguvu juu ya mkanda nao unakuwa kamba. Mgonjwa asiongee, na wewe usimwongeleshe.

Usifunge mkanda kwenye mkono wenye dripu, kidonda, au mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya kusafishia damu, wala upande ambao titi limeondolewa pamoja na matezi ya kwapa.

Sasa fuata hatua hizi kwa utaratibu:

1. Papasa ndani ya kiwiko, upande wa mwilini, upate mshipa unaodunda. Funga mkanda ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 2 hadi 3 juu ya mkunjo wa kiwiko, alama ya mshipa ikielekea pale ulipopapasa. Vidole viwili viweze kupita chini yake.

2. Shika mapigo ya kifundo cha mkono. Jaza hewa mpaka yapotee, kumbuka namba, toa hewa yote. Tuseme yamepotea kwenye 130.

3. Subiri dakika moja. Vaa stetoskopu vipuli vikielekea mbele, upande wa pua, kwa kuwa ndivyo tundu la sikio lilivyoelekea. Weka kichwa chake juu ya mshipa bila kukikandamiza na bila kukichomeka chini ya mkanda.

4. Jaza hewa mpaka 30 juu ya namba uliyoikumbuka, hapa 160. Fungua vali kidogo, kishale kishuke milimita 2 hadi 3 kwa sekunde.

5. Sauti ya kwanza kati ya mbili zinazofuatana ni namba ya juu. Pale sauti inapopotea kabisa ni namba ya chini. Endelea kusikiliza milimita 20 zaidi ujihakikishie, kisha toa hewa yote haraka.

6. Subiri dakika moja, rudia. Ikitofautiana na ya kwanza kwa zaidi ya 10, pima ya tatu.

Wanafunzi wengi huiruka hatua ya pili na kujaza hewa mpaka 160 kwa kila mtu. Kwa baadhi ya wenye presha kali, sauti huanza juu, hupotea njiani, kisha hurudi. Mathalani inaanza 190, inapotea 165, inarudi 145. Aliyejaza mpaka 160 ataanza kusikia kwenye 145 na kuandika 145. Mgonjwa wa 190 ameruhusiwa kwenda nyumbani. Mapigo ya kifundoni hayapotei kwenye kimya hicho, ndiyo maana tunaanza kwa kuyashika.

Ukishusha hewa haraka unaruka midundo ya mwanzo, namba ya juu inakuwa ndogo na ya chini inakuwa kubwa. Ukisita katikati na kujaza tena, damu inatuama kwenye mkono, sauti zinafifia na namba ya chini inapanda. Ukipotea, toa hewa yote, subiri, anza upya. Mgonjwa hatakasirika ukimwambia unataka uhakika.

Soma mpaka milimita 2 za karibu, kwa kuwa ndivyo vistari vya kishale vilivyogawanywa. Namba zote zikiishia na sifuri, mtu amezungusha. Mjamzito aliyekuwa na 126/76 kliniki iliyopita na leo ana 134/84 anapanda. Ukizungusha, siku zote mbili ni 130/80 na hakuna atakayeuona mwelekeo huo. Kwa baadhi ya wajawazito sauti haipotei mpaka sifuri. Hapo andika pale ilipofifia ghafla, na sifuri baada yake: 120/64/0.

Kipimo kimoja cha 140/90 hakimfanyi mtu kuwa mgonjwa wa presha. Kinarudiwa siku nyingine. Mjamzito mwenye 160/110 au zaidi ni habari nyingine: rudia ndani ya dakika 15 na uite msaada wakati unasubiri. Usimtangazie mgonjwa "mama, presha yako imepanda sana!", maana kipimo kinachofuata kitakuwa kipimo cha hofu. Mashine za umeme nazo ni nzuri, ila mapigo yakirukaruka hazitegemeki. Pima kwa masikio.

Ili masikio yazoee, fanyeni mazoezi wawili wawili kwa stetoskopu ya kufundishia yenye vipuli vya watu wawili. Kila mmoja aandike alichosikia bila kumwonyesha mwenzake. Mkianza kukubaliana ndani ya milimita 4 mara kwa mara, mko tayari kwa mgonjwa.

Kuzisoma pamoja

Mama amejifungua. Saa mbili asubuhi ana presha 118/76 na mapigo 84. Robo saa baadaye 114/72 na 96. Nusu saa tangu kipimo cha kwanza, 108/70 na 116. Hakuna presha hata moja hapo ambayo ingemshtua mtu ikisomwa peke yake. Lakini gawanya mapigo kwa namba ya juu ya presha: 0.71, kisha 0.84, kisha 1.07. Kwa mama aliyejifungua, 0.9 au zaidi ni kengele ya hatari. Mwili unapopoteza damu hubana mishipa na kuharakisha moyo ili presha isishuke. Presha ikija kushuka, damu nyingi imeshakwenda. Kipime kizazi kama ni kigumu, inua kanga utazame chini ya makalio, maana damu hukusanyika huko bila kuonekana, na uite msaada kabla ya kipimo kinachofuata.

Kuandika na kutoa taarifa

Andika pale pale kitandani, si kwenye kiganja ukaja kunakili baadaye. Tumia saa ya tarakimu 24. Sisi tunasema saa mbili asubuhi, chati inataka 08:00. Mtu akiandika "2:00", anayesoma hawezi kujua kama ni 02:00, 08:00, 14:00 au 20:00, na dawa inayotolewa kila baada ya saa 6 inaweza kurudiwa mapema kwa sababu hiyo tu. Ongeza mazingira ya kipimo: mkono wa kulia, amekaa, mtoto alikuwa analia, yuko kwenye oksijeni lita 2 kwa dakika. Ukikosea, pitisha mstari mmoja, andika sahihi pembeni, weka saini. Usifute kwa rangi nyeupe. Ukishindwa kupima, andika kwamba hakupimwa na kwa nini.

Ukimpigia daktari, anza na mgonjwa ni nani, nini kimebadilika, namba zenyewe na saa zake, kisha unachoomba: "Daktari, mama wa kitanda cha 6, amejifungua saa moja na nusu asubuhi. Mapigo yamepanda kutoka 84 hadi 116 ndani ya nusu saa, presha 108/70, pumzi 24, kizazi ni laini na kanga mbili zimelowa. Naomba uje sasa hivi." Akitoa agizo, lirudie kwa sauti, jina la dawa na kipimo chake, akubali. Andika saa uliyopiga na agizo lenyewe, kisha urudi kitandani. Kipimo kinachofuata ni baada ya dakika 15, na usiusubiri muda huo ukimwona anabadilika.